Kukomaza tangi jipya kwa samaki wa Tanganyika na Nyasa

Maji ya tangi jipya huwa maangavu kuliko yatakavyokuwa baadaye, na ndiyo yanayoua samaki wengi zaidi. Kawaida mambo huenda hivi: muuzaji anashauri maji yaachwe siku mbili tatu "yatulie", samaki kumi wananunuliwa, siku ya nne mmoja anahema juu juu, ikifika wiki wamebaki watatu, na muuzaji analaumiwa kwamba aliuza samaki wagonjwa. Mara nyingi walikuwa wazima. Wameuawa na taka yao wenyewe, kwa sababu ndani ya tangi hapakuwa na wa kuila.

Samaki hutoa amonia mchana na usiku, nyingi ikipitia kwenye matamvua. Chakula kilichobaki na kinyesi navyo vikioza hutoa amonia hiyo hiyo. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti zinadhuru hata zikiwa chini ya miligramu 1 kwa lita. Nitrati samaki wengi huivumilia hata ikifika makumi, nayo huondolewa kwa kubadilisha maji. Vitabu vya zamani vilimtaja Nitrobacter kuwa mfanyakazi wa hatua ya pili. Uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba katika matangi ya nyumbani kazi hiyo hufanywa zaidi na Nitrospira, na mwaka 2015 watafiti wakatangaza kwamba wamo Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao. Mfugaji hahitaji kukariri majina hayo. Ajue tu kwamba viumbe hawa ni wazito wa kuzaana. Bakteria wa kawaida wa kuozesha wanaweza kujigawa ndani ya nusu saa hivi, lakini hawa huchukua nusu siku, siku nzima, na hata zaidi. Tena hawaelei majini. Hung'ang'ania kwenye sponji, mawe, mchanga na kioo. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini maji "yaliyotulia" siku tatu hayana tofauti na maji ya leo asubuhi, na kwa nini kubadilisha maji katikati ya zoezi hakuwaondoi bakteria.

Kukomaza tangi, basi, ni kuwalisha bakteria hao amonia kabla samaki hajaingia, mpaka wawe wengi wa kutosha. Hapa mfano ni tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 45, linalofaa kundi la mbuna, yaani samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, au samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Vipimo vyake vya nje vinatoa lita 216. Ukiondoa nafasi ya juu, mawe na mchanga, maji halisi ni kama lita 180, na dozi zote zihesabiwe kwa hizo 180. Njia ya uhakika ni kuhesabu ndoo za lita 20 wakati wa kujaza.

Maji na chujio

Pima maji ya chanzo kabla ya kitu kingine chochote. Visima vifupi vya mijini, hasa vilivyo karibu na vyoo vya shimo, mara nyingi vina nitrati tayari, na vingine vina amonia. Usipoandika namba za mwanzo, baada ya wiki utaona nitrati kwenye kipimo na kushangilia kwamba tangi limekomaa, kumbe nitrati ilikuja na ndoo. Maji ya boza yapimwe kila yanapoletwa, kwa sababu safari hii yanaweza kuwa ya bomba na safari ijayo ya kisima.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa ili iue bakteria, wakiwemo unaowataka. Klorini ya kawaida huruka ikiwa maji yameachwa wazi saa 24 huku pampu ya hewa ikiyatibua. Maji yaliyokaa kwenye simtanki lililofunikwa si salama moja kwa moja, kwa sababu huenda limejazwa tena usiku. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haitoki kwa kuachwa wazi. Thiosalfeti ya sodiamu, ile ya chembechembe inayouzwa kwenye maduka ya kemikali, gramu 1 kwa lita 100, inatosha kwa maji ya bomba ya kawaida na bado inabaki ziada. Ikikutana na kloramini, klorini huondoka na amonia hubaki. Kwenye tangi lisilo na samaki hilo ni chakula cha bure.

Chujio sitalizungumzia sana. Sponji kubwa mbili zinazoendeshwa na pampu ya hewa zinafanya kazi hii vizuri kabisa, na chujio la kopo, lile lililofungwa linalokaa nje ya tangi, lenye nguvu ya lita 1,000 hadi 1,500 kwa saa linafaa kwa mbuna kwa sababu wanakula sana na kuchafua sana. Ila pampu ya hewa iwepo kwa vyovyote vile. Kugeuza miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia hadi kuwa nitrati hula zaidi ya miligramu 4 za oksijeni, na maji ya nyuzi 30, ambayo ni ya kawaida Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, hubeba takriban miligramu 7.5 tu kwa lita. Mkaa wa kuchujia uache kwanza, hauna kazi hapa. Taa zizimwe pia, maana bakteria hawazihitaji na mwani unazipenda.

Amonia ipatikane wapi

Maelekezo mengi yanasema ununue amonia ya chupa, kitu ambacho huku kwetu hukikuti kila duka. Ukikipata, cha asilimia 10 kinahitaji mililita 2 kwa kila lita 100 ili kufikisha miligramu 2 kwa lita. Tikisa chupa kwanza. Povu likikaa juu bila kuvunjika, kuna sabuni ndani, usiitumie. Yenye manukato au rangi vilevile. Na amonia isikutanishwe kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwenye ndoo wala kwenye sinki, kwani mvuke wake unaharibu mapafu.

Kitu kinachopatikana hata wilayani ni mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, kwenye duka lolote la pembejeo. Inafanya kazi vizuri kama ni safi. Chukua kijiko, yeyusha kwenye glasi ya maji. Ikiyeyuka na kuacha maji maangavu bila tope wala mafuta juu, endelea. Ikiacha rangi au utando, irudishe shambani. Kiasi ni gramu 0.78 kwa lita 100 ili kupata miligramu 2 kwa lita, na mizani ya jikoni haiwezi kupima hivyo. Kwa hiyo tengeneza akiba: gramu 78 za SA kwenye maji yasiyo na klorini, jumla iwe lita moja kamili, uandike jina juu ya chupa na kuiweka mbali na watoto. Mililita 1 ya akiba hiyo kwa kila lita 10 za tangi ni dozi ya miligramu 2. Tangi letu la lita 180 linapata mililita 18, zinazopimwa kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa. Ukipata kloridi ya amonia ya maabara, fanya vivyo hivyo kwa gramu 63.

Mbolea ya CAN usiiguse, kwa sababu nusu ya naitrojeni yake ni nitrati na itavuruga vipimo vyote. Ya DAP inaleta fosfeti nyingi, na mwani utakushukuru. Urea inawatega wengi. Inafaa, na gramu 0.35 kwa lita 100 hatimaye hutoa miligramu 2 za amonia, lakini neno lenye uzito hapo ni "hatimaye". Urea si amonia mpaka bakteria wengine waivunje, na kipimo cha amonia hakiioni kabla ya hapo. Mtu anaweka urea jioni, anapima asubuhi, anaona sifuri, anaongeza. Siku ya tatu anaongeza tena. Wiki ya pili zote zinavunjika kwa pamoja na amonia inapanda kupita rangi ya mwisho ya kipimo. Kama ni urea tu iliyopo, weka dozi moja, ngoja siku tano hadi saba, na mkono usiende kwenye mfuko.

Njia ya kuozesha kamba au chakula cha samaki ndani ya tangi inafanya kazi, ila huwezi kujua umeweka kiasi gani, na nyumba itanuka. Kidogo cha chakula bado kina faida nyingine. Bakteria wanahitaji fosforasi, ambayo SA haina, kwa hiyo chembe chache za chakula, za kushikwa kwa ncha za vidole viwili, mara moja kwa wiki zinatosha kuwapa.

Kwa nini miligramu 2, si 5

Maelekezo ya zamani, mengi yakiwa yameandikwa na watu wenye maji laini, yaani yenye madini machache, yanasema upandishe amonia hadi miligramu 4 au 5. Kwa maji ya samaki wetu huo ni ushauri mbaya, na sababu yake iko kwenye pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji. Kipimo cha amonia huonyesha jumla ya aina mbili: amoniamu, ambayo haina ukali mkubwa, na amonia huru, ambayo ndiyo sumu yenyewe. Mgawanyo wao unaamuliwa na pH, na kwa kiasi kidogo joto. Kwa nyuzi 25, kwenye pH 7 amonia huru haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye 8.5 ni 15. Kwenye 9, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya Ziwa Tanganyika au karibu yake, ni asilimia 36.

Piga hesabu. Miligramu 4 kwenye pH 7 zinatoa amonia huru miligramu 0.02 kwa lita. Miligramu 4 hizo hizo kwenye pH 9 zinatoa zaidi ya 1.4. Tofauti ni ya mara sitini, na rangi kwenye mrija wa kipimo ni ile ile. Amonia huru haiui samaki pekee, huwazuia hata bakteria, na wanaoumia mapema ni wale wa hatua ya pili, wanaokula nitriti. Ndiyo maana matangi ya Tanganyika yaliyotiwa chumvi za kuyafanya maji yafanane na ya ziwa tangu siku ya kwanza na kupewa dozi kubwa hukwama kwenye nitriti wiki nyingi, mwenye tangi akidhani amenunua chujio bovu.

Tunachofanya ni hiki: tangi likomazwe kwenye pH ya 7.5 hadi 8.2, dozi iwe miligramu 2, na kazi ya kupandisha maji kufikia hali ya ziwa ibaki ya mwisho, ifanywe kidogo kidogo ndani ya wiki moja kabla samaki hawajaja. Kama maji yako ya kisima tayari yako juu ya 8.5, anza na miligramu 1, panda hadi 2 baada ya nitriti kuanza kushuka.

Je, miligramu 2 zinatosha kujenga bakteria wa kulea samaki wote? Zinatosha na kubaki. Gramu 1 ya chakula chenye protini asilimia 40, ikiliwa, huishia kutoa takriban miligramu 45 za amonia. Tangi la lita 180 linaloweza kumaliza miligramu 2 kwa lita kwa siku linamaliza miligramu 360 kwa jumla, sawa na gramu saba au nane za chakula kila siku. Pima gramu nane za chakula cha samaki wa mapambo uone ni rundo kiasi gani. Hakuna mbuna wachanga ishirini wanaohitaji hivyo.

Siku zenyewe zinavyokwenda

Siku ya kwanza weka dozi, ngoja nusu saa maji yazunguke, pima. Kama umekosea hesabu ya ujazo, hapa ndipo utajua. Baada ya hapo pima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili, uandike. Wiki ya kwanza mara nyingi hakuna kinachobadilika isipokuwa maji kuwa na ukungu mweupe. Ukungu huo ni bakteria wa kuozesha, wala si hao tunaowangoja, nao huisha wenyewe ukiuacha. Anayebadilisha maji yote na kuosha sponji kwa sababu ya ukungu anaanza upya bila kujua.

Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, kwa tangi lisilopandwa mbegu ya bakteria kutoka tangi jingine na lenye joto zuri, amonia huanza kushuka na nitriti huonekana. Amonia ikifika karibu na sifuri weka dozi nyingine. Sasa angalia namba: miligramu 2 za amonia huzaa miligramu 5.4 za nitriti, na vipimo vingi vya matone vinaishia rangi ya 5. Dozi mbili tu na kipimo kimekuwa kipofu. Zambarau ni zambarau, iwe 6 au 40. Kwa hiyo kuanzia hapo chukua mililita 1 ya maji ya tangi, changanya na mililita 9 za maji ya chupa, pima mchanganyiko huo, na jibu ulizidishe kwa 10. Katika kipindi hiki punguza amonia iwe nusu dozi kila siku ya pili au ya tatu. Unataka kundi la kwanza lisife njaa, bila kulizika kundi la pili kwa nitriti. Ikipita 15 au 20, badilisha nusu ya maji. Hakuna ubaya wowote, bakteria wako kwenye sponji.

Kipindi cha nitriti ndicho kirefu, na watu wengi hukata tamaa hapo. Wiki mbili ni kawaida, tatu si ajabu. Halafu, mara nyingi ndani ya siku mbili tu, inaporomoka hadi sifuri.

Neno moja kuhusu vipimo. Vijiti vya kuchovya vinaharibiwa na unyevu, na hewa ya pwani inavimaliza kabla hujafika nusu ya kopo. Isitoshe vingi havina amonia. Nunua vya matone. Kile cha nitrati chenye chupa mbili, chupa ya pili ina unga unaojikusanya chini, kwa hiyo itikise kwa nguvu nusu dakika nzima kabla ya kudondosha, vinginevyo utasoma namba ndogo ya uongo. Na usikiamini kabisa wakati nitriti iko juu, kwa sababu chenyewe hufanya kazi kwa kugeuza nitrati kuwa nitriti na kupima jumla yake. Rangi zilinganishwe kwenye mwanga wa mchana. Balbu ya njano hufanya kila amonia ionekane salama.

Tangi likikwama

Likikwama, cha kwanza kupima ni KH, yaani akiba ya kaboneti kwenye maji. Kazi ya bakteria hawa huzalisha asidi, na akiba hiyo ndiyo inayoimeza. Kila dozi ya miligramu 2 inayotokana na SA au kloridi ya amonia hula karibu theluthi mbili ya digrii moja ya KH. Ya amonia ya maji au ya urea hula nusu ya hapo. Dozi kumi za SA zinamaliza digrii sita na nusu. Maji ya kisima cha pwani yaliyopita kwenye mawe ya chokaa hayatajali. Maji laini ya mito ya milimani, kama yanayoshuka Aberdare kwenda Nairobi, yanaweza kuishiwa akiba baada ya dozi chache tu. Hapo pH huporomoka, na ikikaribia 6 bakteria husimama kabisa. Amonia haishuki, nitriti haishuki, mwenye tangi anaongeza amonia.

Dawa yake ni bakingi soda, gramu 3 kwa lita 100 kwa kila digrii moja ya KH. Kwa tangi la lita 180 kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kama gramu 5, kinapandisha chini kidogo ya digrii moja. Yeyusha kwenye jagi kwanza. Usizidishe digrii mbili kwa siku, na kwa samaki wa Tanganyika malizia kwenye KH ya 10 hadi 15. Soma pakiti vizuri, maana bakingi pauda si bakingi soda, ina wanga na asidi ndani. Magadi pia yasichukue nafasi yake. Yana kaboneti yenyewe inayorusha pH juu ghafla, na mara nyingi yana floraidi. Mtu aliyelemewa na amonia akitia magadi anaigeuza sehemu kubwa ya ile amoniamu isiyo kali kuwa sumu kwa dakika chache.

Joto ni jambo la pili. Kati ya nyuzi 25 na 30 kazi inakwenda vizuri. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hita haihitajiki. Nairobi, Arusha, Iringa na Mbeya maji ya chumbani hushuka chini ya nyuzi 20 msimu wa baridi na zoezi la wiki tano linaweza kuwa la miezi. Hita ya wati 200 kwa lita 180, iwekwe nyuzi 28 wakati wa kukomaza, na irudishwe 25 au 26 samaki wakikaribia.

La tatu ni umeme. Chujio la kopo lililofungwa likizimika, bakteria walioko ndani humaliza oksijeni ya maji yale machache kwa muda mfupi. Hawafi wote mara moja, ila yanayofuata ni uozo usio na hewa. Umeme ukirudi, pampu inasukuma maji yale meusi yenye harufu ya yai viza ndani ya tangi. Mkatiko ukipita saa mbili tatu, chomoa kopo kabla umeme haujarudi, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi, jaza tena, ndipo uwashe. Kwa kuwa mkatiko wa usiku hauna mlinzi, ni bora sehemu ya bakteria iishi kwenye sponji ya hewa nje ya kopo, ikiendeshwa na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye pawabenki. Maeneo yenye mgao, mimi ningeweka sponji tu na kuliacha kopo dukani.

Mbegu

Kinachofupisha zoezi kuliko vyote ni sponji kutoka tangi la mtu mwingine lililokomaa na lisilo na ugonjwa. Theluthi ya sponji lake, ikisafirishwa ndani ya maji kidogo kwenye mfuko wenye hewa nyingi, isikauke wala isikae kwenye gari juani, inaweza kuzigeuza wiki sita kuwa moja au mbili. Kama hataki kukata, mwombe akamulie sponji lake chafu ndani ya ndoo. Tope lile la kahawia, likimiminwa karibu na mdomo wa chujio lako, lina mbegu ya kutosha. Maji yake peke yake hayana. Chupa za bakteria nyingine ni nzuri, ila ni viumbe hai, na chupa iliyokaa miezi kwenye kontena na kisha dirishani mwa duka si ya kutegemewa. Mchanga au maji ya mto na ziwa yasitumike kama mbegu. Yatakuletea konokono, minyoo na chawa wa samaki kabla hayajakuletea faida.

Na kama samaki tayari wamo? Basi hulishi amonia, wanaitoa wenyewe. Kazi yako ni kuizuia isipande. Chakula kidogo sana siku moja ndani ya mbili, kipimo kila siku, na maji yabadilishwe asilimia 30 hadi 50 kila jumla ya amonia na nitriti inapopita 0.5, mapema zaidi kama pH ni ya juu. Nitriti huingia kwenye damu kupitia matamvua na kuifanya ya kahawia isiyobeba oksijeni, hivyo samaki huhema ingawa hewa ipo. Chumvi ya kawaida gramu 10 kwa lita 100 inasaidia, kwa sababu kloridi hushindana na nitriti mlangoni. Chumvi haiponyi amonia. Kuwatumia perege wadogo kama samaki wa majaribio, watoe kafara tangi likomae, ni desturi ninayoiona bado ikishauriwa. Ni ukatili usio na sababu wakati mbolea ya shilingi chache inafanya kazi hiyo hiyo, na perege wa bwawani huja na vimelea vyake.

Kuingiza samaki

Tangi limekomaa pale linapopewa miligramu 2 za amonia na baada ya saa 24 amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri. Zote mbili, kwa dozi ile ile. Rudia kesho yake kuthibitisha. Idadi ya wiki zilizopita haina uzito hapa. Yako matangi ya siku kumi yaliyofaulu na ya siku hamsini ambayo bado. Nitrati kwa wakati huo itakuwa juu, mara nyingine zaidi ya 100. Badilisha asilimia 80 ya maji, mara mbili ikibidi, mpaka ishuke chini ya 20. Maji mapya yawe na KH na joto linalokaribiana na ya zamani.

Samaki waingie ndani ya siku moja au mbili baada ya hapo. Wakichelewa, endelea kuweka nusu dozi kila siku ya pili, maana bakteria wasiolishwa hupungua nguvu, na badilisha maji tena kabla ya kuwapokea. Kwa mbuna, na zaidi kwa Tropheus, samaki wa miambani wa Ziwa Tanganyika, ni afadhali kundi zima liingie siku moja likiwa la umri unaolingana. Ukiwaingiza wawili wawili, waliotangulia hugawana mawe na kumuua kila mgeni. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kukomaza kwa dozi kamili, kwa sababu tangi linapokea mzigo wote kwa mpigo.

Wiki ya kwanza lisha robo ya kawaida, pima kila siku, kisha nusu, na kufikia wiki ya tatu ulishaji kamili. Alama ya 0.25 ya amonia siku ya kwanza au ya pili isikuogopeshe kwenye pH 7.5. Kwenye pH 9 badilisha maji siku hiyo hiyo. Sponji isioshwe mwezi mzima wa mwanzo labda maji yakiwa yamepungua kasi, na inapooshwa, ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji ya tangi. Kama zipo mbili, moja wiki hii, nyingine baada ya wiki mbili.